Ibada ya pamoja na Wakatoliki wa mtaani: muanzie wapi?

Dada, Bwana Yesu asifiwe. Umesema usharika wenu wa Kilutheri na kigango cha Kikatoliki hapo jirani mnatamani kusali pamoja, ila wazee wa kanisa wanaogopa mtavuruga waumini. Msiache jambo hili, tafadhali.

Anzeni na maombi, msianze na Meza ya Bwana. Kanisa Katoliki kwa kawaida halishiriki Ekaristi, yaani hiyo Meza ya Bwana, na Walutheri, na mkilazimisha hapo mtaumizana siku ya kwanza tu. Mengine mengi yako wazi. Kuna Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, na Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi, ambayo akina mama huiongoza. Hizo hazimtishi mtu. Wazee wenu pia waambie kwamba Walutheri na Wakatoliki walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi Mungu anavyomkubali mwenye dhambi, mwaka 1999, kule Augsburg. Ndilo suala lililowatenganisha tangu enzi za Luther.

Mchungaji na paroko wakutane kwanza, uso kwa uso. Kubalianeni mapema sadaka inakwenda wapi. Mimi ningeipeleka kwa wagonjwa wa mtaa. Kwaya zifanye mazoezi pamoja. Na Baba Yetu iandikwe kwenye karatasi, maana Wakatoliki huishia "utuopoe maovuni" wakati ninyi bado mnaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Chai baada ya ibada msiikose, na msikae makundi makundi.