Usikatae Nafasi Isiyo na Maneno: Niliyoyaona Nikiwa Yusufu

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia hivi: "Kaka, kwenye igizo letu la Krismasi nimepewa kuwa mchunga kondoo wa tatu. Sina hata neno moja la kusema, na nusu ya igizo lenyewe nimeliandika mimi. Nimeumia sana. Nikatae?"

Jibu fupi nilimpa siku ileile: usikatae. Jibu refu ni hili.

Mwaka juzi usharika wetu, huku juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, uliandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu kwa ibada ya mkesha. Anayeijua Desemba ya Uchagani hahitaji kuelezwa. Mabasi ya Dar yanamwaga watu usiku na mchana, kila nyumba ina gari lenye vumbi mlangoni, na kanisa ambalo mwezi wa saba lina benchi tupu linafurika mpaka watu wanakaa nje kwenye viti vya plastiki. Ni siku ambayo kila mtu wa nyumbani anakuona. Nami nilitaka kuonekana. Miaka minne mfululizo nilikuwa msimulizi, na sisemi kwa majivuno, lakini sauti yangu watu wanaijua. Walikuwa wakinifuata baada ya ibada kunishika mkono.

Mwaka ule mwalimu wa kwaya akasoma majina. Usimulizi akapewa kijana aliyerudi likizo kutoka chuo. Akamtaja Gabrieli, akamtaja Herode, akawataja mamajusi. Kisha akanitaja mimi: Yusufu. Nikanyoosha mkono kuomba karatasi zangu.

"Yusufu hana karatasi," akasema.

Nyuma yangu watu wawili wakacheka. Niliwasikia vizuri, na nilijua wanachocheka si karatasi.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeoa mwanamke mwenye mtoto. Baba yangu mdogo aliniambia mbele ya kikao cha ukoo kwamba nimenunua ng'ombe na ndama wake. Kanisani hakuna aliyenitamkia neno, ila uongozi wa vijana niliokuwa nao uliyeyuka taratibu, kikao kimoja sikualikwa, cha pili sikualikwa, mpaka nikazoea. Mke wangu usharika mzima wanamwita kwa jina la mwanawe, Mama Fulani. Mimi hakuna aliyewahi kuniita Baba Fulani. Sasa wananipa kuwa mlezi wa mtoto asiye wangu, mbele ya watu wote waliopanda kutoka Dar na Arusha. Niliona wamenichomea kidole kwenye kidonda. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, kifua kinabana.

Nilifika nyumbani nikafungua Biblia nitafute maneno ya Yusufu, niwathibitishie kwamba wamemnyima haki yake. Nilisoma Mathayo sura ya 1 na ya 2, nikasoma Luka sura ya 1 na ya 2, kisha nikarudia. Herode anasema. Wachunga kondoo wanasema, "Haya, na twendeni mpaka Bethlehemu." Zakaria, ambaye alifungwa ulimi, alipofunguliwa akaimba wimbo mrefu kuanzia Luka 1:68. Yusufu hana neno hata moja lililoandikwa. Anavyo vitenzi tu. Akaamka. Akafanya. Akamchukua. Akaondoka. Nilikaa na vile vitenzi mpaka taa ya chumbani kwa mtoto ikazimwa.

Mazoezi siyasimulii. Yalikuwa mazoezi kama yote, watu wanachelewa na mamajusi hawaelewani nani atangulie.

Ila hori lazima nilitaje. Mwinjilisti wetu alikataa katakata sanduku lililofunikwa kitambaa. Alituambia kwamba Fransisko wa Asizi, yule mtakatifu wa Wakatoliki, alipoonesha kuzaliwa kwa Yesu mwaka 1223 kijijini Greccio, Italia, hakutumia mtu wa kuwa Mariamu wala wa kuwa Yusufu. Aliweka hori, majani makavu, ng'ombe na punda, ikatosha. Sisi ni Walutheri, lakini hilo tulilipokea. Basi mama mmoja jirani na kanisa akatoa hori la bandani kwake. Tulilisugua kwa brashi na sabuni asubuhi nzima. Harufu haikutoka. Nilipopitisha kiganja kwenye ukingo wake nikakuta mbao zimelambwa na ng'ombe miaka na miaka, zimekuwa laini kuliko mbao iliyopigwa msasa, na katikati zimebonyea mahali shingo zinapoegemea. Tukatandika majani makavu ya migomba. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akituangalia akasema, "Mnashangaa nini? Sisi wote tulizaliwa ng'ombe wakisikia." Ni kweli, nyumba za kale za Wachaga watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Baadaye mchungaji alinionesha kwamba neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu inalitafsiri "nyumba ya wageni" katika Luka 2:7 ndilo lililotumika Luka 22:11 kwa chumba alichokula Bwana Pasaka na wanafunzi wake. Yule mwenye gesti mkali anayewafukuza Yusufu na Mariamu, ambaye tumemwigiza miaka yote, Luka hamtaji kabisa. Tumemtunga sisi.

Usiku wa mkesha ulienda vizuri. Nilisimama nilipoambiwa nisimame. Yule kijana wa chuo alisimulia vizuri pia, nami nakiri nilikuwa nikihesabu alipokosea.

Igizo letu halikuishia horini. Mwinjilisti alitaka liishie Misri, kama Mathayo anavyosema: "Akaondoka akamchukua mtoto na mama yake usiku." Kwa hiyo askari wa Herode wakapiga kelele, taa zikazimwa, nami nikamchukua mtoto, mwanasesere aliyefungwa kwenye kanga, tukapita katikati ya benchi na binti aliyekuwa Mariamu, tukatoka mlango mkubwa. Yeye akazunguka upande wa ofisi kubadilisha nguo. Mimi nilitakiwa kubaki nje mpaka kwaya imalize.

Nikasimama chini ya mparachichi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Ndani wanaimba, nje hakuna mtu anayenitazama, na nimemshika mtoto wa kitambaa kama wa kweli, kichwa chake kwenye kiwiko, maana ndivyo mwalimu alivyotufundisha.

Mlango ukafunguka kidogo. Akatoka kondoo. Alikuwa yule mtoto wetu, wakati huo ana miaka saba, na sweta jeupe na masikio ya soksi. Kondoo walitakiwa kubaki mbele, karibu na madhabahu. Alikuwa amekimbia, anahema. Akanitazama, akaitazama ile kanga, akaniuliza:

"Anko, na mimi nakuja?"

Sikuweza kumjibu mara moja. Nikamwambia ndiyo, unakuja. Akauliza, "Na mama?" Nikasema na mama. Ndipo akapumua. Akaomba ambebe yule mtoto, nikampa, tukasimama wote wawili kimya mpaka wimbo ukaisha.

Anko. Miaka mitatu tulikuwa tunakula meza moja. Nilikuwa nikimpeleka shule, nikimlipia ada, nikimpeleka hospitali akiwa na homa, na ananiita anko kwa sababu mimi ndiye niliyesema aniite hivyo. Mke wangu nilimwambia sitaki kumlazimisha mtoto. Maneno mazuri. Kila aliyeyasikia alinisifu kwa busara. Lakini pale chini ya mparachichi nilijua ukweli wake: nilikuwa nimejiachia mlango wa nyuma. Endapo ndoa ingeharibika, endapo maneno ya ukoo yangezidi, anko ni mtu anayeweza kuondoka bila kuulizwa. Mtoto wa miaka saba alikuwa amelielewa hilo kuliko mimi. Ndiyo maana alipoona nabeba mtoto mwingine naondoka naye usiku, alikimbia kuuliza kama naye yumo.

Mathayo 1:19 inasema Yusufu "aliazimu kumwacha kwa siri." Nilikuwa nikisoma mstari huo najihesabu mtu bora, kwa kuwa mimi sikumwacha mtu. Kumbe kuna kuacha kwa siri ambako mwanamume haondoki nyumbani. Analala humo, analipa kodi, anasali kabla ya chakula, na moyoni begi lake limefungwa.

Na hapa, ndugu zangu wanaume, niruhusuni niseme wazi. Ukimchukua mama, mchukue na mtoto. Malaika hakumwambia Yusufu amhurumie mtoto, alimwambia, "nawe utamwita jina lake Yesu." Kumpa mtoto jina ilikuwa kazi ya baba, na Yusufu akaifanya. Watu walisema, maana watu husema. Marko 6:3 wanamwita Yesu "mwana wa Mariamu," na wanalisema kwa kuchukizwa naye. Kwa Mathayo wanauliza, "Huyu si mwana wa seremala?" Yaani pamoja na maneno yote ya mtaani, jina la yule seremala lilikuwa limeshamkaa mtoto. Halikumkaa kwa hotuba, kwa sababu hotuba hatuna hata moja. Acheni kujificha nyuma ya busara. Acheni kusema "nampa muda" kama muda wenyewe mnajipa ninyi.

Dada yangu, narudi kwako. Ushauri wangu si mwingi. Ichukue nafasi. Soma sura nzima ya Luka 2, usisome sehemu yako tu, utaona wachunga kondoo ndio wa kwanza kuambiwa habari. Usimwombe mwalimu akuongezee mstari. Kama kuna aliyecheka, mwache acheke; sikuambii haiumi, mimi bado inaniuma. Simama tu pale ulipowekwa na uwe na macho, kwa sababu anayesema maneno mengi jukwaani anayafikiria maneno yake, na wewe utakuwa huru kutazama. Mimi nisingekuwa chini ya mparachichi usiku ule kama ningekuwa msimulizi. Ningekuwa ndani, na kipaza sauti mkononi.

Siku nyingine bado ananiita anko. Mazoea hayafi kwa usiku mmoja. Lakini Januari ile, shule zilipokaribia kufunguliwa, akaleta fomu ya kujaza. Mahali pa jina pameandikwa "Mzazi/Mlezi," na chini yake kwa herufi ndogo, "futa isiyohusika." Miaka ya nyuma mstari huo alikuwa akiujaza mama yake. Nikachukua kalamu mezani, nikakata neno mlezi, nikaandika majina yangu matatu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu anakunja nguo. Akaacha kukunja.