Jibu: Kobalti imeingia ndani ya chembe au imebaki juu?

Ndugu, umeuliza kama mchoro wa eksirei unaoonyesha spineli moja (yaani aina moja tu ya mpangilio wa fuwele) unathibitisha kuwa kobalti imesambaa sawasawa ndani ya nanochembe zako za oksidi ya chuma na kobalti. Hauthibitishi. Seli ya fuwele, yaani kipande kidogo kinachojirudia, ya magnetiti (oksidi ya chuma bila kobalti) na ya feriti ya kobalti (oksidi ya chuma yenye kobalti) zote zina upande wa takriban nanomita 0.84. Tena chuma ni elementi namba 26 na kobalti namba 27, kwa hiyo eksirei ya kawaida huziona karibu sawa. Kwa chembe za nanomita 10 vilele vya mchoro hupanuka, na tofauti ndogo iliyobaki humezwa humo.

Tafuta hadubini ya elektroni inayochora ramani ya elementi, chembe moja moja. Kama kuna kiini cha chuma na ganda la kobalti, utaliona. Nyutroni ni bora zaidi kujua kobalti imekaa kwenye nafasi zenye oksijeni nne au sita, maana chuma huzitawanya kwa nguvu kuliko kobalti. XPS, yaani kupima elektroni zinazong'olewa na eksirei, ni nzuri, ila huona nanomita chache za juu tu.

Sampuli uliichoma kwa nyuzi ngapi? Joto kali huweza kusambaza kobalti na kulifuta ganda lenyewe.