Hedifoni za kupigia klabu: angalia zinavyozuia kelele kwanza, besi baadaye

Madijei wenzangu, swali la "ninunue hedifoni gani" naulizwa mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza anaanza na besi, zina besi kali au vipi. Mi nasema besi iache kwanza. Kwenye ukumbi wenye kelele besi unayo tayari, inatoka kwenye sabuufa na unaisikia mpaka kifuani, unachokosa ni utulivu kidogo sikioni ili usikie wimbo unaokuja unaanzia wapi. Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni hedifoni inazuia kelele za nje kiasi gani, mengine yatafuata.

Zile zenye mgongo wazi ambazo watu wa studio wanazipenda kwa kumiksi, huku hazifai, sauti inaingia na kutoka tu. Chukua zilizofungwa. Alafu kuna zinazofunika sikio zima na zile ndogo zinazokaa juu ya sikio, wengi wanadhani lazima kubwa izuie zaidi, hapana, inategemea inavyobana. Ndogo inayobana vizuri inaishinda kubwa iliyolegea, na kama unavaa miwani au una rasta nene ndo kabisa, pedi inaacha upenyo pembeni na kelele zinapita hapohapo.

Nikienda kujaribu sianzi na muziki. Navaa bila kupiga kitu, nasimama karibu na spika inayolia, nasikiliza kinachobaki. Baada ya hapo ndo naweka wimbo, sauti nusu tu, natafuta hai-hati (ule mlio wa tsi-tsi wa sahani za ngoma) na klapu (mlio wa makofi). Hizo ndo zinakuonyesha kama nyimbo mbili zimekaa pamoja au zinakimbizana, maana besi ya kwenye hedifoni ikikutana na ya ukumbini unabaki na mvumo tu huelewi ipi ni ipi. Mwisho naweka upande mmoja sikioni na mwingine nyuma ya sikio, nainama, nageuka, naangalia kama inakaa.

Mkiniuliza modeli, Sennheiser HD 25 bado naipa heshima yake. Imekuwepo tangu 1988, ina gramu kama 140 bila waya, ina ukinzani wa umeme wa omu 70, utepe wa kichwani unagawanyika sehemu mbili ili ishike vizuri, na karibu kila kipande kinabadilishwa, waya ukikatika unanunua waya, hununui hedifoni nyingine. Inabana kweli, wiki za mwanzo masikio yatauma, vumilia tu italegea. AIAIAI TMA-2 nayo imetengenezwa kwa mtindo huohuo wa vipande. Ya bei ndogo zaidi pia itakufaa, ilimradi imefungwa, inabana na waya unachomoka.

Bluetooth ya kawaida achana nayo kwa kazi hii. Wimbo wa BPM 128, yaani biti 128 kwa dakika, biti moja mpaka nyingine ni kama milisekunde 469, na Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewa milisekunde 150 mpaka 200 na zaidi, yaani karibu nusu biti, sasa hapo utalinganisha nini? Zipo chache zenye transmita yake maalum isiyochelewa hivyo, ila mi bado nasema waya, tena wa kujisokota, haukanyagwi ovyo. Na zile zinazofuta kelele kwa betri zinaweza zaidi mivumo ya chini isiyobadilika kama ya ndege, sauti za waimbaji na klapu zinapita.

Sasa hili la masikio naomba mlisome vizuri. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inasema desibeli 85 mwisho masaa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, ukifika 100 una dakika 15 tu. Klabu nyingi zinafika hapo na kupita. Hedifoni isiyozuia inakulazimisha upandishe nobu ili uishinde spika, saa moja baadaye sikio limechoka unapandisha tena, na ukizidisha hivyo usiku baada ya usiku sikio linaanza kulia nzii hata ukiwa kitandani, na hali hiyo inaweza isiondoke. Ndo maana naona hela ya hedifoni nzuri ni hela ya kulinda kazi yako. Ukimaliza kuingiza wimbo shusha sauti au vua kabisa, na sikio lililo wazi weka plagi za masikio za wanamuziki, zile zenye filta.

Pia omba monita, ile spika ya dijei mwenyewe, iwe karibu na wewe. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, spika ikiwa mita 10 mbele yako unaisikia imechelewa karibu milisekunde 30 nyuma ya hedifoni, na hapo hedifoni hata iwe nzuri vipi utalaumu bure.

Vitu vidogo: adapta ya jeki ya milimita 6.35 iwe ya kukaza kwa skrubu, zile za kuchomeka tu zinabaki ndani ya mikseri. Na pedi, hasa za ngozi bandia, jasho linazimaliza, zikianza kubanduka na kupasuka kelele zinaingia na utadhani hedifoni imezeeka, badilisha pedi kwanza kabla hujaanza kutafuta hela ya mpya.