Ukiandika Riwaya Kutoka kwa Sura Ngumu za Biblia

Shangazi zangu hapa Kisumu huniuliza mbona siandiki habari za Ruthu, ambazo kila mtu anazipenda. Mimi nimeng'ang'ania Rispa, suria wa Mfalme Sauli, wa 2 Samweli 21. Njaa imepiga miaka mitatu, Wagibeoni, ambao Sauli aliwaua watu wao, wanadai damu, naye Daudi, mfalme aliyemfuata Sauli, anatoa wanaume saba wa ukoo wa Sauli watundikwe. Wawili ni wana wa Rispa. Mama huyo anatandika gunia mwambani, anafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mavuno ya shayiri hadi mvua inyeshe. Ruthu naye alifika Bethlehemu mavuno ya shayiri yakianza. Msimu uliomletea mmoja mume ulimnyang'anya mwenzake wanawe.

Aliyenitesa ni Daudi. Zaburi zake nimeziimba tangu utotoni, na moyo ulitaka sana kumtafutia udhuru. Kama nawe ni muumini, usijifanye wakili wa mfalme, wala wa Mungu. Kumbukumbu la Torati 21:23 inaamuru aliyetundikwa azikwe siku hiyo hiyo, na hawa waliachwa juu msimu mzima. Ushahidi huo umo ndani ya Biblia yenyewe. Uandike ulivyo.

Lakini kazi kubwa ni ukimya. Sura nzima Rispa hasemi neno hata moja! Tafadhali usimtungie hotuba. Andika mikono yake. Nenda Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, ukae na akina mama wanaoanika omena, yaani dagaa, utazame mtu anavyofukuza ndege kutwa: bega linavyolegea kufikia alasiri, jicho linavyopanda juu hata akiwa anamhesabia mteja chenji. Huko ndiko nilikopata ukurasa wa kwanza niliouamini. Kisha jiulize maswali ya kawaida kabisa. Nani alimpelekea maji? Alisinzia saa ngapi? Majirani walipita njia ile, au walizunguka?

Kurasa za miili ziandike asubuhi. Mimi hufunga kompyuta kabla watoto hawajarudi kutoka shuleni, kwa sababu huzuni ile haibaki kwenye karatasi; inakufuata mpaka mezani.

Na rasimu usimpe mtu hivi hivi. Makanisani mwetu wamejaa akina mama waliozika watoto. Mwambie waziwazi kilichomo kabla hajafungua, na akisema hawezi, mshukuru, usimsihi.