Re: Mnara wa simu nyuma ya nyumba, tuhame?

Mkuu, umesema jirani kawatisha kwamba mnara huo utawaletea saratani kwa kuwa "mionzi ni mionzi tu, kama ya eksirei". Hapo kachanganya mafaili.

Mawimbi ya mnara na eksirei ni ukoo mmoja kweli, pamoja na mwanga wa jua, na yote hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ila urefu wa wimbi unatofautiana. La redio ya FM lina kama mita 3, la simu sentimita 15 hadi 35 hivi, na mwanga tunaouona haufiki hata elfu moja ya milimita. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyobeba nguvu zaidi. Eksirei na mionzi ya gama, zenye mawimbi mafupi kuliko yote, zina uwezo wa kung'oa elektroni (chembe ndogo) kwenye atomu na kuharibu DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, ndiyo maana mpiga picha hospitalini hujikinga nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi. Wimbi la simu haling'oi kitu, hata ukiongezewa minara kumi. Linachoweza ni kupasha joto, na ukiwa chini hapo huwezi kulihisi joto hilo. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliliweka kundi la "huenda likaleta saratani" kwa ushahidi hafifu. Jua liko kundi la uhakika.

Mimi namhofia zaidi fundi wa kuchomelea mtaani. Mwanangu aliukodolea ule mwanga mchana, usiku akaamka analia, macho kama yamemwagiwa mchanga. Ni urujuanimno huo, mwanga usioonekana wenye wimbi fupi kuliko ule tunaouona.

Msihame. Watoto tu wasiuparamie mnara.