Kabla hujaandika "rashasha": kwa mnaoanza kazi ya habari hapa Dodoma

Mwaka wangu wa pili redioni nilisoma hewani habari ya mauaji ya shuleni huko Marekani. Ilitufikia kwa Kiingereza dakika ishirini kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Waliandika kwamba muuaji alikuwa na bunduki ya nusu otomatiki, mimi nikaandika "rashasha". Ni neno fupi, linasikika vizuri, na mhariri hakuligusa. Asubuhi yake mzee mmoja wa Kongwa, mwanajeshi mstaafu, alipiga simu akiomba kuzungumza na yule binti aliyesoma habari jana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, bunduki ile ukivuta triga mara moja, zinatoka risasi ngapi?" Sikujua. Akasema, "Basi hukujua ulichowaambia watu."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi nikamfuata Kongwa. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi mwaka huu yale niliyojifunza siku ile chini ya mbuyu wake, pamoja na mengine niliyoyapata baadaye kwenye vikao vya Bunge na mahakamani. Sipendi bunduki. Ningependa ziwe chache mikononi mwa watu, hapa na kwingineko, na kwa sababu hiyo naumia tunapoziandika ovyo.

Mzee alianza na gobole. Unashindilia baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, unafyatua mara moja, kisha unaanza upya. Ikafuata bunduki ya kukoki kwa mkono, ambayo wawindaji wengi wanaitumia: kila risasi ikitoka, unavuta komeo nyuma na kulirudisha ndipo risasi nyingine iingie. Ya tatu ndiyo iliyonishinda. Hiyo inajikoki yenyewe. Nguvu ya risasi iliyotoka inasukuma mtambo nyuma, ganda linaruka nje, risasi mpya inapanda kutoka kwenye magazini, yaani kile kisanduku cha risasi. Lakini haitoki mpaka uachie triga na kuivuta tena. Kidole mara moja, risasi moja. Hiyo ndiyo nusu otomatiki. Ya nne ukiishikilia triga inaendelea kumwaga mpaka uachie au magazini iishe, na hiyo ndiyo rashasha. AK-47 ya jeshini ina kitufe ubavuni upande wa kulia cha kuchagua kati ya hizo mbili, na ikiwekwa kwenye kumwaga ina kasi ya risasi kama 600 kwa dakika.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba bastola nyingi za kisasa, zikiwemo zile mnazoziona viunoni mwa askari, ni za nusu otomatiki. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba nchi fulani "imepiga marufuku silaha za nusu otomatiki", muulize kwanza: bastola nazo? Mara nyingi sheria inahusu bunduki ndefu peke yake.

Msikilizaji wa Kizota akisikia "rashasha" anajenga picha kwamba Marekani mtu anaingia dukani na kutoka na mtambo wa vita, na anashangaa kwa nini wasiukataze. Ukweli ni kwamba rashasha zilianza kubanwa kule mwaka 1934, zikawekewa usajili na kodi ya dola 200, fedha nyingi sana wakati ule. Mwaka 1986 sheria ikakataza raia kuuziwa rashasha mpya. Zinazomilikiwa kihalali leo ni zile za zamani zilizosajiliwa, na bei yake haishikiki. Ubishi mnaousikia kila baada ya mauaji unahusu ile aina ya tatu ya mzee. Ukibadilisha neno, msikilizaji anafuatilia ubishi ambao haupo.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Herufi AR za AR-15, bunduki ya Kimarekani, wengi wanadhani ni kifupi cha "assault rifle", yaani bunduki ya kushambulia. Zinatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni miaka ya 1950. Toleo la kiraia ni la nusu otomatiki, ndugu yake wa jeshini, M16, anaweza kumwaga.

Sasa tahadhari, kwa sababu nimeona vijana wakiishajua haya wanaangukia upande wa pili. Neno "nusu" linadanganya sikio. Linakufanya udhani silaha hiyo ina nusu ya madhara. Tarehe 15 Machi 2019, kule Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliua waumini 51 kwenye misikiti miwili, na silaha kuu alizotumia zilikuwa za nusu otomatiki. Bunge lao halikusubiri: tarehe 10 Aprili walipiga kura 119 kwa 1 kupiga marufuku bunduki nyingi za aina hiyo. Kwa hiyo anayekuambia "ile ni nusu otomatiki tu" umsikilize kwa makini, neno "tu" ameliongeza yeye.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inanikera zaidi kila nikiona inavyoelezwa. Utasikia kwamba "Clinton alipiga marufuku bunduki za nusu otomatiki". Hakufanya hivyo. Sheria ilitaja baadhi ya bunduki kwa majina, na nyingine ikazitambua kwa viungo vyake: kitako kinachokunjika, mshikio kama wa bastola, mahali pa kufunga singe (kile kisu cha mbele ya mtutu), kifaa cha kuficha mwako. Bunduki ndefu ya nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoa ikiwa na viwili au zaidi vya viungo hivyo, ilikatazwa. Watengenezaji wakaondoa kiungo kimoja au viwili na kuendelea kuuza bunduki iliyofyatua vilevile. Magazini mpya za zaidi ya risasi 10 nazo zilikatazwa, lakini silaha na magazini zilizokuwa tayari mikononi mwa watu zilibaki halali. Sheria ilipewa miaka kumi, na Septemba 2004 ikafa bila kuhuishwa. Majimbo kadhaa yana sheria zake mpaka leo, California ikiwa imetangulia mwaka 1989, ndiyo maana kuandika "sheria ya Marekani inasema" bila kutaja jimbo ni kujitafutia simu ya asubuhi.

Kama bado mnadhani haya ni mambo ya mafundi bunduki, fikirini kilichotokea Las Vegas Oktoba 2017. Muuaji alifunga kwenye bunduki zake za nusu otomatiki kitako kinachoteleza: bunduki inapotikisika kwa risasi, inarudi nyuma na mbele, triga inagonga kidole yenyewe tena na tena. Waliokufa ni 60. Serikali ya Trump ikaamua kwamba kifaa hicho kinaigeuza bunduki kuwa rashasha. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa majaji 6 dhidi ya 3. Walichobishania ni maneno ya ile sheria ya mwaka 1934, yanayosema rashasha ni ile inayotoa risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la triga. Wengi walisema triga bado inatenda mara moja kwa kila risasi. Swali la mzee wa Kongwa, karibu neno kwa neno, ndilo lililoamua kesi.

Kuhusu Australia niseme kifupi. Baada ya mauaji ya Port Arthur ya mwaka 1996, watu 35, serikali ilizibana bunduki ndefu za nusu otomatiki na kununua na kuharibu silaha zaidi ya 600,000. Haikupiga marufuku bunduki zote. Wakulima na walenga shabaha wenye leseni bado wanazo.

Turudi nyumbani, maana kosa liko hata kwenye taarifa zetu. Polisi wakiandika "silaha aina ya SMG", kwa kawaida wanamaanisha AK-47 au nakala yake ya Kichina. Kifupi hicho cha Kiingereza, "submachine gun", kinahusu bunduki fupi ya rashasha inayotumia risasi za bastola, na AK siyo hiyo, ingawa Wachina wenyewe waliipa yao jina la namna hiyo. "SAR", yaani "semi-automatic rifle", ndiyo nusu otomatiki. Msibadilishe neno la polisi bila kuuliza, na msiongeze "ya kivita" kwa kupamba.

Sheria yetu ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Ombi la leseni linaanzia serikali ya mtaa au kijiji, na kumiliki ni ruhusa unayopewa na inayoweza kuondolewa. Kule Marekani mahakama inaichukulia kama haki ya kikatiba. Msilinganishe nchi hizi mbili bila kumweleza msikilizaji tofauti hiyo. Tanzania pia ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, makubaliano ya nchi za ukanda huu kuhusu silaha ndogo, inayotaka raia wasimiliki kabisa bunduki ndefu za otomatiki na nusu otomatiki. Mimi naiunga mkono.

Ila kwenye mahakama zetu za kanda hii, kielelezo nilichokiona mara nyingi mezani ni gobole. Mjomba wangu wa Kondoa alipoteza jicho gobole lilipompasukia akifukuza ngedere shambani. Sheria ya 1994 ya Marekani isingeligusa kabisa.

Mwezi uliopita kijana wetu mpya aliletewa taarifa ya mtu aliyekamatwa na "bunduki" upande wa Manyoni. Kichwa cha habari alikuwa ameshakiandika, na neno rashasha lilikuwemo. Nikamwomba apige simu kwanza na kuuliza lile swali la triga. Ofisa alicheka kidogo, akamtumia picha. Mtutu ulikuwa bomba la maji, umefungwa kwa waya kwenye gogo la mninga.