Mbu wa Mchana na Maji Tunayohifadhi Uani
Mtu anayeishi Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga, ambako maji ya bomba hutoka kwa zamu, hana budi kuweka akiba katika majaba, madumu na ndoo. Na katika akiba hiyo ndimo anamozaliwa Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya. Kwa muda ambao nimesimamia usafi wa ua tunaotumia wapangaji kadhaa, nimesadiki kwamba mbu huyu hudhibitiwa zaidi kwa brashi ya kusugulia kuliko kwa dawa ya kupuliza.

Sababu iko katika mayai yake. Jike huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na hapo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Maji yakipanda tena, yawe ya mvua za masika au ya bomba, mayai huanguliwa, na kwa joto la mji wetu viluwiluwi huwa mbu kamili katika siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo anayemwaga maji ya zamani na kujaza mapya bila kusugua kuta huwa ameyaacha mayai palepale, yakisubiri. Sisi husugua kila chombo kwa sabuni mara moja kwa wiki, tukikaza mkono pale penye alama ya maji, kisha tunasuuza na kufunika. Jaba lisilo na mfuniko tumelifunga kitambaa chepesi kwa mpira, na tangi kubwa tumeliwekea wavu wa dirishani mdomoni.

Kagua pia vitu ambavyo hakuna anayevihesabu kuwa vyombo vya maji: trei iliyo nyuma ya friji, visahani vya vyungu vya maua, gata zilizoziba majani, matairi, vifuu vya nazi. Visahani vijazwe mchanga. Matairi ni afadhali yaondolewe kabisa.

Majirani washirikishwe mapema, na kwa adabu. Mbu huyu haruki mbali, mara nyingi havuki meta mia chache kutoka alikozaliwa, hivyo anayekuuma ametoka kwako au kwa jirani yako. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku, ambacho hatuwezi kukiacha kwa sababu ya malaria, hakitoshi kutukinga naye. Mtoto anayelala mchana afungiwe chandarua vilevile.

Mji huu ulipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na ugonjwa wenyewe hauna dawa mahususi ya kuua virusi vyake. Mwenye homa kali, maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho apelekwe kupimwa, apewe maji kwa wingi na parasetamoli, wala asipewe aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Tafadhali mwangalieni kwa makini zaidi homa inaposhuka: akianza kuumwa sana tumbo, kutapika mfululizo au kutoka damu kwenye fizi, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama mwili wake umeshapoa.